Mkono wa Mvaaji, Mkono wa Fundi

Wageni wengi huenda Jinja kuona mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, na huenda Mbale kutafuta njia ya kuupanda Mlima Elgon. Mimi nilifuata saa za mkono. Nimekuwa mkusanyaji wa saa tangu nilipoanza kupata mshahara, na kwa muda mrefu wapenzi wenzangu wa Mombasa na Nairobi walikuwa wakinihimiza: ukitaka kuona saa za zamani za Afrika Mashariki zikiwa bado mikononi mwa waliozinunua, nenda mashariki mwa Uganda. Nilikubaliana nao. Jinja ilikuwa mji wa viwanda, Mbale mji wa kahawa. Penye mshahara wa mwisho wa mwezi na penye msimu wa mavuno, watu hununua saa. Na penye saa, fundi hufungua kibanda.

Kronomita ya Kabaka

Kutoka mpakani Busia barabara hupita Iganga, kisha hukata mashamba ya miwa ya Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930. Baada ya miwa ni Jinja. Niliweka mzigo kwenye nyumba ya wageni nikateremka mtoni kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu hapo pana kisa cha saa ambacho nilikuwa nimekisoma na nilitaka kukitafakari penyewe.

Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko aliyoyapa jina la Ripon. Leo hayaonekani, yalizama maji yalipopanda baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Miezi michache kabla ya kufika hapo, Speke alikuwa mgeni wa Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Zawadi alizompelekea Kabaka aliziorodhesha mwenyewe katika kitabu cha safari yake: bunduki, bastola, vitambaa vya hariri, darubini, kiti cha chuma, visu na vijiko vya mezani, na kronomita moja ya dhahabu, yaani saa ya usahihi wa hali ya juu.

Msafiri wa zama hizo hakubeba saa ya namna hiyo kwa ajili ya pambo. Dunia hujizungusha digrii moja kila dakika nne. Mwenye saa iliyoshika majira ya Greenwich, akiilinganisha na jua la pale aliposimama, hujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Saa ikisimama, au ikianza kukimbia na kuchelewa ovyo, msafiri hulazimika kuuliza mwezi na nyota, kwa hesabu ndefu na za kuchosha. Kumpa mfalme chombo kama hicho kilikuwa kitendo cha heshima. Ndivyo ninavyoisoma orodha ile: saa ni kipimo, na saa ni zawadi. Katika miji yote miwili niliyoitembelea nilizikuta kazi hizo mbili zikiendelea, na si kwa wafalme.

Chini ya veranda za Jinja

Main Street ya Jinja imejipanga majengo ya Wahindi yenye veranda pana. Juu ya mengine, mwaka wa ujenzi bado unasomeka kwenye saruji. Chini ya veranda hizo utamkuta mshona nguo na charahani yake, muuza laini za simu, na fundi saa.

Fundi niliyeelekezwa kwake ana meza moja na kisanduku cha kioo. Ndani ya kisanduku mmepangwa mikanda ya ngozi na ya chuma, betri kwenye karatasi zake, vioo vya duara vya kila kipimo, na saa zilizokufa zinazongoja kutoa vipuri. Juu ya meza kuna vibano, bisibisi nyembamba za kila namba, mpira wa kupulizia vumbi, kopo dogo la petroli ya kuoshea, na sindano anayotumia kutia mafuta. Lenzi ameishikiza jichoni kwa waya uliozunguka kichwa, nayo haitoki hata akikutazama usoni.

"Kodheyo, ssebo," nilimwamkia, na salamu zilipokwisha tukahamia Kiswahili. Anakizungumza bila taabu, kwa sababu wateja wake wa miaka mingi ni askari wa kambi ya Jinja na wafanyabiashara wanaopita mpaka wa Busia.

"Betri ndizo zinanilisha, mzee," aliniambia. "Mtu anafika, anasema niwekee 626, nafungua, naweka, anaondoka. Dakika tatu. Lakini kazi yenyewe ni hizi za otomatiki na za ufunguo. Hapa ndipo fundi anaonekana."

Kazi hiyo aliifundishwa na mjomba wake. Mjomba alianza akiwa mfagiaji katika duka la saa la Mhindi kwenye barabara hiyohiyo. Baadaye akaruhusiwa kuosha vifuniko, kisha kubadilisha vioo, mwishowe kufungua mashine. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda waliopewa ukawa siku 90. Mwenye duka akaondoka. Duka likagawiwa mtu ambaye hakuwa na haja na saa. Mjomba akabaki na vibano vyake, akatoa meza nje, akaanza kazi chini ya veranda. Wenye maduka waliporudi kudai majengo yao miaka ya baadaye, ufundi wenyewe ulikuwa umeshazoea kukaa nje, na nje ndipo ulipo hadi leo.

Nilikuwa bado naangalia vioo alipofika mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, shati lake limepigwa pasi hadi mikononi. Alikuja kuchukua saa yake. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, kimojawapo cha viwanda vilivyofuata umeme wa bwawa. Zama hizo Jinja ilifuma nguo na hata kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, magharibi ya mbali. Honi ya zamu haikumngoja mtu. Katika mji kama huo saa ya mkono ilikuwa kifaa cha kazi kabla ya kuwa kitu cha kujivunia.

Saa yenyewe ilikuwa Seiko 5. Wajapani waliitoa mara ya kwanza mwaka 1963, na ile tano ni ya sifa tano walizoahidi: inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe zinakaa katika dirisha moja, haiingizi maji kwa urahisi, kitufe chake kimefichwa kwenye namba 4 kisikwaruze mkono, na kifuniko na mkanda wake ni vya kudumu. Ya mzee ilikuwa na uso wa samawati uliopauka kuelekea kijivu, na siku zake zilisomeka kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, dalili ya saa iliyotengenezwa kwa soko la Ghuba ikapitia huko kabla ya kuja kwetu.

Kabla hajaifunga, fundi aliniwekea lenzi jichoni akanisogezea. Niliona kipande kizito cha chuma cha nusu duara, ambacho hucheza huku na huku mvaaji anapotembea na ndicho kinachokaza springi. Chini yake ilisomeka namba ya mashine, 7009, pamoja na maelezo kwamba ina vito 17. Vito hivyo ni rubi za kutengenezwa kiwandani, zinazoshika ncha za mihimili ili chuma kisisagane na chuma. Pembeni lilikuwa gurudumu la mizani, linapigapiga kama moyo wa kifaranga: mapigo sita kila sekunde, 21,600 kwa saa, zaidi ya laki tano kwa siku. Fundi alichovya ncha ya sindano kwenye mafuta akaigusisha kwenye kito kimoja. Tone lilikuwa dogo kiasi kwamba nililiona kwa mng'ao wake tu.

"Mafuta yakizidi yanashika vumbi," alisema, "na vumbi ndilo linaua. Wengi wanajua kutia. Fundi anajua kuacha."

Nyuma ya Seiko za enzi hizo kuna namba ambayo mkusanyaji huisoma kabla ya kuuliza bei. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Ya mzee ilianza na 8 na 2. Maana yake ni Februari, ama ya mwaka 1978 ama ya mwaka 1988. Mashine ya 7009 iliendelea kutengenezwa muda mrefu hata ikafaa kwa miaka yote miwili. Nilimuuliza mwenyewe.

"Ya sabini na nane," alijibu bila kusita. "Nilikuwa nayo Watanzania walipoingia Jinja."

Majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja Aprili 1979. Mzee alisimulia kwamba kabla ya siku hizo, na tena katika miaka ya vurugu iliyofuata, askari wa vizuizini walitazama mkono wa mtu kabla ya kitambulisho chake. Kuificha saa mfukoni au ndani ya soksi hakukutosha, maana ngozi iliyofunikwa na mkanda miaka kadhaa haifanani na iliyopigwa na jua, na askari akiona alama hiyo aliuliza, "Iko wapi?" Kwa hiyo kila alipokwenda Iganga kuwaona wazazi alijifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, kana kwamba ameumia, na saa akaiacha nyumbani ndani ya pipa la mahindi.

Hakunieleza hayo kwa kujisifu. Aliivaa saa, akatikisa mkono kidogo, akaisikiliza. Nilimuuliza imepangiwa nini mbeleni.

"Mjukuu wangu akimaliza masomo nitamvalisha," alisema. "Lakini nimemwambia aivae kila siku. Hii ukiiweka kabatini inasimama."

Kwa wakusanyaji tuliokusanyika mijini na masanduku yetu yaliyotandikwa mahameli, sentensi hiyo ni ya kuandikwa ukutani. Saa ya otomatiki ikikaa bila kuvaliwa kwa muda wa siku mbili hivi, husimama. Ikikaa miaka, mafuta yake hukauka yakawa gundi.

Dakika nne za njiani

Kutoka Jinja hadi Mbale ni yapata kilomita 140 kwa njia ya Tirinyi. Barabara huachana na ile ya Busia karibu na Iganga, ikashuka kwenye tambarare za Namutumba, ikavuka kinamasi cha Mto Mpologoma chenye majaruba ya mpunga pande zote. Kisha, hali ya hewa ikiruhusu, Elgon hujitokeza mbele.

Mpenzi wa saa ana jambo la ziada la kuwaza katika njia hiyo. Jinja iko karibu digrii 33.2 mashariki ya Greenwich, Mbale karibu 34.2. Tofauti ni digrii moja, na digrii moja ni dakika nne. Jua la Mbale hutangulia la Jinja kwa dakika hizo nne kila siku. Saa zetu hazioneshi tofauti hiyo kwa sababu tumekubaliana kutumia majira mamoja kuanzia Mogadishu hadi Kampala, saa tatu mbele ya Greenwich. Makubaliano hayo hayakuja mara moja: katika enzi ya ukoloni ukanda huu uliwahi kutumia saa mbili na nusu, na baadaye saa mbili na dakika 45. Matokeo ya kutumia majira ya mashariki zaidi ni kwamba kwa wastani jua husimama utosini Jinja yapata saa sita na dakika 47, na Mbale saa sita na dakika 43.

Kilicholazimisha makubaliano ya namna hiyo ni reli. Treni haiwezi kufuata jua la kila stesheni. Reli ya Busoga ilifunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali, kuwakutanisha abiria na mizigo na meli za Ziwa Kyoga, na mwishoni mwa miaka ya 1920 njia nyingine ikapita Mbale ikielekea Soroti kufuata pamba. Kila reli ilipofika, saa ya stesheni ikawa saa ya mji, na karani, mwalimu na mnunuzi wa pamba wakatafuta ya kwao ya kulinganisha nayo.

Hata hivyo hesabu yetu ya zamani haikufa. Msoga, Mgisu, Mganda na Mswahili wote huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Mshale ukigonga 7 asubuhi, wote tunasema saa moja. Katika nchi za ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hiyo ndiyo hesabu yenye akili, na ninaivaa kwa fahari kila ninapofunga saa iliyotengenezwa Uswisi au Japani.

Mbale: kahawa, tope na mwaka wa 62

Mbale kuna mnara wa saa kwenye mzunguko wa katikati ya mji, na wenyeji wakikuelekeza popote huanzia hapo. Upande wa mashariki ukuta wa Wanale umeuinamia mji, na baada ya mvua maporomoko membamba huonekana yakishuka kwenye mwamba. Kwa hiyo zile dakika nne ambazo hesabu inaipa Mbale, mlima huzichukua: asubuhi anga linakuwa jeupe kitambo kabla jua halijauvuka ukingo.

Utajiri wa mji huu ulishuka kutoka miteremko hiyo. Ni kahawa ya arabika, inayolimwa na Wamasaba, yaani Wagisu, kwenye mashamba madogo yenye migomba, na tangu mwaka 1954 chama chao cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, kimekuwa na sehemu kubwa katika kuikusanya na kuiuza. Wazee niliozungumza nao sokoni walinitajia kwa mpangilio uleule vitu ambavyo pesa ya kahawa ilinunua kwanza: baisikeli, redio, saa.

Fundi wangu wa Mbale ni mwanamke, naye ameketi hatua chache kutoka soko kuu, mahali alipoketi baba yake. "Mulembe," tulisalimiana, kisha akanionesha kiti cha wateja. Ubao wake wa kutundikia unaeleza mji mzima. Kuna saa za kidijiti zinazotoa adhana mara tano kwa siku. Wanunuzi wake wakubwa ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988. Kuna saa za harusi za rangi ya dhahabu, moja ya bwana na moja ya bibi katika kasha moja. Kuna Casio F-91W, saa ndogo nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo betri yake hufika miaka saba.

Wapo wakusanyaji wanaozidharau saa za betri. Mimi siwaungi mkono. Ndani ya saa ya kwatzi kuna kipande kidogo cha jiwe kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na kwa bei ya mlo wa mchana mwalimu wa kijijini anapata usahihi ambao Speke hakuwa nao porini. Heshima ninayoipa saa ya ufunguo ni ya aina nyingine: hiyo unaweza kuifungua, ukaona kila kinachofanyika ndani yake, na ukaitengeneza baada ya miaka 60.

Hilo nililiona kwa macho. Mama mmoja mtu mzima, aliyevaa gomesi, alifika na kitambaa kilichofundikwa. Ndani mlikuwa na Roamer ya marehemu mumewe, saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, nyembamba, namba zake zimeinuka, mkanda hauna. Nyuma ya kifuniko mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari tarakimu mbili: 62.

"Mwaka huo aliingia imbalu," alituambia. "Na nchi ikapata uhuru. Baba yake alikuwa ameuza kahawa, akamnunulia."

Kwa Wamasaba, imbalu, yaani tohara ya kumwingiza kijana utu uzima, hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila kundi la vijana hukumbukwa kwa mwaka wake. Mwanamume hapa hakuulizi una miaka mingapi. Anakuuliza ulitahiriwa mwaka gani. Mwaka 1962 ulibeba mambo yote mawili, imbalu na bendera mpya, na baba yule akaona unastahili saa.

Fundi aliifungua kwa kisu chembamba. Alikagua springi, haikuwa imekatika. Akagusa gurudumu la mizani kwa ncha ya brashi, likasogea kivivu likasimama. "Mafuta tu yamekauka, mama. Haijavunjika kitu." Aliitoa mashine, akaivua kipande baada ya kipande, akaviosha kwenye petroli, akavipanga juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio ambao baba yake alimfundisha: kila skrubu mbele ya shimo lake. Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote na sehemu ya mchana. Alipoirudisha na kutia ufunguo, mshale wa sekunde ulianza kutembea. Mama yule aliilipia shilingi elfu ishirini za Uganda pamoja na mkanda mpya, akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Hakuifundika tena kwenye kitambaa.

Fundi huyo aliniambia kwamba kazi kubwa kuliko zote aliyowahi kupata ilikuja baada ya mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, Mto Nabuyonga na mwenzake Namatala ilipofurika mjini na kuua watu. Wiki zilizofuata watu walimletea saa zilizotolewa kwenye tope. Za betri nyingi hazikupona. Za ufunguo aliziosha moja moja. "Mtu aliyepoteza nyumba anataka kitu kimoja cha zamani kirudi," alisema. Sijasikia maelezo bora zaidi ya sababu ya watu kuzipenda saa.

Nilimuuliza kama kuna anayemfundisha. Yuko kijana mmoja, mpwa wake, anakuja siku za Jumamosi. Wengine waliowahi kuanza wamehamia ufundi wa simu, ambako pesa huonekana haraka. Simu nayo imewafundisha vijana wengi kwamba saa haihitajiki, na wanaotaka kitu mkononi wananunua saa za kuchaji ambazo zikifa baada ya miaka michache hakuna wa kuzifufua.

Kwa anayetaka kuanza

Nimeulizwa mara nyingi mtu aanzie wapi. Baada ya Jinja na Mbale jibu langu limekuwa fupi.

Anza na saa iliyomo kwenye ukoo wako, hata kama imesimama. Ikiwa huna, nunua Seiko 5 au saa yoyote ya kawaida ambayo fundi wa mji wako anaijua na vipuri vyake viko. Epuka nyuso zinazong'aa kupita umri wa saa: zipo nyingi sokoni zilizopakwa rangi upya Mumbai na kwingineko, uso wa njano au wa chungwa juu ya mashine iliyochoka. Zitazame kwa lenzi. Herufi za kiwandani zina kingo safi na zimekaa sawa na mstari. Za kupaka upya huwa nene, na mara nyingine zimepinda. Uso uliopauka kwa uaminifu una thamani kuliko mpya wa uongo. Na mtu akikuuzia kwa bei ya viatu saa yenye jina kubwa la Uswisi, utazame mshale wa sekunde: mashine ya ufunguo huutelezesha kwa hatua ndogo zisizohesabika kwa jicho, na ya betri kwa kawaida huurusha hatua moja kila sekunde. Feki nyingi za bei rahisi huumbuka hapo.

Usihangaike na sekunde. Saa ya miaka 50 inayopoteza nusu dakika kwa siku imekosea sekunde 30 kati ya 86,400. Itie majira asubuhi ukiwa unakunywa chai, basi.

Muhimu zaidi ni adabu. Wapo wakusanyaji, na wachuuzi wanaowatumikia, wanaozunguka vijijini kuwaondolea wazee saa zao kwa bei ya huruma ili ziuzwe mitandaoni kwa dola. Ningeweza kumpa mzee wa Jinja bei ambayo huenda angeifikiria. Sikumtajia. Saa ile ina mjukuu wake, na hadithi ya pipa la mahindi haiwezi kuhamishwa pamoja nayo. Nilichonunua Jinja na Mbale kilitoka kwa mafundi, katika zile saa zilizoachwa na wenyewe bila kurudi, na nililipa bei waliyoitaja.

Saa huishi kwa mikono miwili, wa mvaaji na wa fundi. Mkusanyaji ni mtu wa tatu, na anapata haki ya kuwa hapo pale tu anapowafaa hao wawili: anapoivaa aliyonayo, anapolipa kazi ya fundi kwa bei inayomfanya mpwa wa Jumamosi aje na Jumatatu. Mkusanyiko uliofungiwa sandukuni hauwafai wote wawili.

Basi, msomaji, kama kuna saa ya baba au ya bibi kwenye kabati lenu, itoe wiki hii. Mtafute fundi wa mji wako wakati bado yupo, mwachie aifungue na kuiosha, na usimpunguzie bei. Halafu ivae.